Aliyekula Uwele Wetu

Mimi ni mwanamke wa kushuku. Sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, na walionifundisha ni wakwe zangu, katika miaka ya Mwingereza, baada ya askari kurudi kutoka vita vya Bama. Mpaka leo nikiingia jikoni kwangu naangalia kwanza gunia la unga limefungwaje, ndipo nimsalimie anayepika, na anayepika ni binti yangu wa kuzaa. Yeye hunicheka. Hajui kwamba alipokuwa na miaka mitatu ilibaki kidogo tu aachwe bila mama, kwa sababu ya uwele.

Nilizaliwa Mtendeni, mjini Tabora, katika nyumba ya kupanga. Chakula chetu kilitoka sokoni kwa kibaba, na mama yangu alikaanga maandazi akayauza karibu na stesheni. Mtoto aliyekulia nyumba ya namna hiyo anajua vizuri sana kwao wako wangapi, maana kila jioni kitu kinagawanywa, na akiongezeka mtu mmoja mwingine anapungukiwa. Masista walinifundisha kusoma na hesabu mpaka darasa la nne, jambo ambalo kwa msichana wa siku zile liliwatia watu wasiwasi zaidi ya kuwapa sababu ya kuniheshimu. Kisha nikaolewa na kijana wa reli, askari aliyerudi kutoka vitani akiwa mzima isipokuwa sikio moja.

Kwao kulikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini. Yeye alilala chumba kimoja na wenzake watatu kwenye nyumba za reli, na mke hakuwa na pa kuwekwa. Basi nikapelekwa kwa mama yake, nikakaa huko, naye mume akija kila mwisho wa mwezi. Walikuwa Wakatoliki wa siku nyingi, watu wa rozari jioni na jembe asubuhi. Mama mkwe alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti ndogo, na sijapata kumsikia mtu akimwomba arudie alichosema.

Ndani ya nyumba yake kilisimama kihenge cha uwele. Kilisukwa kwa fito, kikakandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, kikakalishwa juu ya mawe ili mchwa wasikifikie, na urefu wake ulimpita mwanamume. Marehemu baba mkwe alikijenga mwenyewe. Mama mkwe alipenda kusimulia jinsi nyumba ile ilivyowahi kuwalisha wapagazi, zamani za babu, msafara mzima ukilala uani na kuondoka umeshiba, na akiba ikabaki. Alisema hivyo hasa akiona mtu amejitia uchoyo. Kwake yeye, nyumba iliyolisha wapita njia haiwezi kushindwa kulisha watu wake yenyewe.

Kwenye ukuta wa ndani wa kihenge marehemu alikuwa amechora mistari kwa mkaa. Ukipanda ngazi, ukafunua kifuniko na kuinamisha kichwa, unaiona, mmoja chini ya mwingine. Wa juu ni wa mavuno. Unaofuata ni wa Noeli, halafu Jumatano ya Majivu, halafu Pasaka, na wa mwisho kabisa, karibu na sakafu ya kihenge, ni wa Pentekoste, wakati uwele mpya unapokaribia kukomaa. Siku ya kila sikukuu mama mkwe alikwenda kutazama. Nafaka ikilingana na mstari, alifanya ishara ya msalaba, akafunika. Ndiyo ilikuwa kalenda yetu na ndiyo ilikuwa usalama wetu, na nakiri ilinipendeza, maana mjini hakuna aliyejua wiki ijayo atakula nini.

Jambo jingine sikulipenda. Watu wa nyumba ile hawakuhesabu watu. Mjini nilikuwa nimelisikia hilo nikadhani ni hadithi za wazee, kumbe kule ilikuwa sheria. Padri akiuliza una watoto wangapi, unamjibu, "Wapo, Padri." Mgeni akinyoosha kidole juu ya vichwa vya watoto, anashikwa mkono kabla hajafika wa pili. Wanaohesabiwa ni waliokwisha kuzikwa, mama mkwe alinifundisha wiki ya kwanza, na aliye hai ukimhesabu umemwonyesha njia ya kuwafuata. Hata uwele aliuchota bila kuhesabu. Chungu kilikuwa kimoja kwa ua mzima, sisi wake tukipika kwa zamu, naye kila asubuhi alichota kwa kata ya kibuyu, akachota tena, akachota tena, mpaka moyo wake umwambie inatosha. Kuhesabu kata kungekuwa sawa na kuhesabu midomo. Mimi wa darasa la nne nilikuwa nasimama na ungo wangu, ulimi umebanwa kati ya meno, nisije nikahesabu kwa mazoea.

Ua ule ulikuwa wa ndugu watatu. Bwana mkubwa, ndiye kaka wa kwanza, pamoja na mkewe na watoto wao. Shemeji wa pili, naye na mkewe na watoto. Halafu sisi. Katika mwaka wangu wa pili akaongezeka wifi yangu, dada yao, ambaye alikuwa ameolewa Ziba. Mumewe alifariki, na ndugu za mume wakataka kumrithi yeye pamoja na ng'ombe. Alikataa, akasema kanisani alifungishwa ndoa na mtu mmoja, si na ukoo. Alidandia malori ya pamba, akatembea palipokosekana lori, mpaka akafika kwa mama yake na watoto wake wanne, mdogo bado anamnyonya. Mama mkwe alimpokea kwa shangwe, akachota kata nyingine.

Nilimpenda wifi kuliko mtu yeyote pale. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuinua matuta bila kuvunja kiuno, na alinitania kwamba nashika jembe kama mtu anayekoroga chai. Wengine walinisema vilevile lakini wao hawakuwa wakitania.

Noeli ya mwaka wangu wa tatu tulirudi kutoka misa ya kigangoni, mama mkwe akaenda kutazama mstari wake. Alikaa na kichwa ndani ya kihenge kitambo. Alipokitoa alikuwa na pumba kwenye nyusi. Uwele ulikuwa umeshuka shibiri nzima chini ya mstari.

Bwana mkubwa alisema ni panya. Mama mkwe akamjibu kwamba panya hali shibiri, panya anakula pembeni na kuacha mavi. Hapo neno lenyewe halikutajwa, lakini wote tulilisikia. Mwaka ule tulimaliza kwa kubana, tukala mlenda mwingi kuliko ugali.

Mavuno yaliyofuata yalijaza kihenge mpaka mstari wa juu. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na nadhani kila mtu alihakikisha ameona. Lakini Majilio hayajaanza, uwele ukawa tayari umefika pa Noeli. Sasa neno likatajwa. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema mama mkwe jioni baada ya rozari, kwa ile sauti yake ndogo, akaenda kulala.

Tangu siku ile ua ukageuka. Mama mkwe kila akimaliza kuchota alisawazisha nafaka, akabonyeza kiganja chake juu yake mara nyingi, kama anayekanda, ili kesho aone kama kuna mkono mwingine uliopita. Alinyunyiza majivu kuzunguka mawe ya kihenge aone nyayo. Nyayo alizozipata zilikuwa za kuku. Alianza kunusa midomo ya watoto, kwa upole, akijifanya anawabusu. Sisi wake hatukumwacha tena mwenzetu peke yake ndani. Mmoja akisema amesahau ungo, mwingine anakumbuka kuwa naye amesahau kitu. Tulikuwa tukienda kuchota maji kwa msururu kama watawa.

Kila mtu alikuwa na mwizi wake. Mke wa bwana mkubwa alimshuku mke wa shemeji wa pili, kwa kuwa watoto wake walikuwa wanene. Mke wa shemeji wa pili alimshuku mke wa bwana mkubwa, kwa kuwa wake walikuwa wembamba, na nani asiyejua kwamba mwizi huficha. Mama mkwe kwa muda alimshuku Bwana Shamba. Huyo alikuwa kijana wa serikali mwenye kaptula iliyopigwa pasi, aliyekuja na amri kwamba kila nyumba ipande muhogo wa akiba. Aliingiza kichwa kwenye vihenge vya kijiji kizima akiuliza kama uwele utatosha. Alisema watu wa nchi hii wamekuwa wengi, na pori linakwisha. Bwana mkubwa alimcheka mbele yake, akamwonyesha miti mpaka mwisho wa macho. Lakini nilimjua bwana mkubwa. Upande wa kaskazini wafugaji walikuwa wameshuka na ng'ombe wao, wakafunga maboma palepale alipotaka kufyeka shamba jipya. Upande wa kusini serikali ilikuwa imeweka mipaka ya msitu wake. Shamba letu la zamani lilikuwa linalimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzika. Alicheka kwa sababu alikuwa na hofu. Mama mkwe yeye alisema mtu anayekuuliza kama chakula chako kinatosha ana nia nacho.

Na mimi? Mimi nilimshuku wifi. Naandika hili kwa aibu lakini sina njia ya kulizunguka. Mchana, watu wakijilaza, nilimwona mara tatu akitoka na kitu chini ya kanga, akipita nyuma ya uwanja wa kupuria. Mara ya nne nilimfuata. Nilijiambia kwamba nikimkamata mwizi nitakuwa nimejiokoa mimi, kwa maana nilikuwa nimeanza kuona macho yanatulia kwangu, mtu wa kuja.

Nilimkuta amechuchumaa juu ya rundo la pumba za mwaka jana. Alikuwa na ungo, anapepeta pumba zilizokwisha kupepetwa, anaokota punje moja moja. Kwenye kanga yake palikuwa na uwele usiojaza ngumi.

"Umekuja kunikamata, wifi?" aliuliza bila kugeuka.

Nikamwambia nimekuja kutafuta kuni.

"Na shoka umelisahau," akasema.

Alinieleza kwamba mwanawe mdogo hawezi kungoja jioni, tangu aachishwe ziwa tumbo halimpi amani, naye hataki kuomba kata ya ziada kwa mama katika siku kama zile. Anamsagia hizo punje, anampikia uji kwenye kopo. Nilichuchumaa nikamsaidia kuokota. Je, nilimwamini? Nusu. Nilikuwa nimekwisha kuharibika. Usiku ule nilijiuliza kama pumba zile hazikuwa za kufunikia jambo jingine.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, basi niseme na langu. Niliwahi kuiba. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua karanga kidogo, nikazifunga kwenye kitambaa, nikamwambia mume wangu ampelekee mama yangu kwa baiskeli. Nilizilima kwa mikono yangu, kwa hiyo sikuona ni wizi. Mke wa bwana mkubwa alikuwa ameniona na akalihifadhi, kama mtu anavyohifadhi mbegu. Kwaresima ya mwaka huo mbaya akalitoa. Na kama vile shetani amepanga, mama yangu Mtendeni alikuwa amenunua kanga mpya, akaja nayo kututembelea, akajipitisha uani mara mbili ili ionekane.

Jumatano ya Majivu uwele ulikuwa umeshagusa mstari wa Pasaka. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tuliitwa kikao sebuleni. Mume wangu naye alikuwa ameitwa kutoka mjini. Bwana mkubwa alizungumza taratibu, akisifu bidii yangu shambani, na mimi nikajua kabisa ninachinjwa, kwa kuwa mpaka siku ile hajawahi kunisifu. Alisema ni vizuri nikapumzike kwa mama yangu mpaka mavuno. Nikiwa huko, nao watatazama kama uwele utaacha kushuka. Mtoto atabaki, yeye ni wa nyumba, ng'ombe wa mahari walitolewa.

Nilimtazama mume wangu. Alinigeuzia lile sikio bovu.

Wakati ule mtoto wangu mkubwa alikuwa yule binti wa miaka mitatu, na mdogo alikuwa bado tumboni, mwezi wa tano. Mwanamke anayerudishwa kwao kupumzika nilijua hurudi vipi: harudi. Binti yangu angekua akiambiwa mama yake alikuwa mwizi wa uwele. Nilishikwa na hasira. Nikainuka, nikachukua ungo, nikachota ngumi ya uwele kutoka kwenye kikapu cha siku ile, nikakaa mbele ya mama mkwe.

"Mama," nikamwambia, "mwaka ule baba alipochora mistari, chungu kilikuwa kinapikiwa nani?"

Alishangaa, lakini swali lilimpendeza, kwa kuwa alipenda kumtaja marehemu. Akasema alikuwa baba, na yeye mwenyewe. Nikaweka punje mbili kwenye ungo. Alikuwapo bibi, mzaa baba. Alikuwapo mdogo wake baba kabla hajaenda kukata mkonge asirudi. Bwana mkubwa na mkewe, wakati huo bi harusi. Shemeji wa pili, mume wangu, wifi, wakiwa wadogo. Kila mmoja nilimwekea punje yake. Hapo nikaona macho yake yamekwenda mbali, kwa watoto wengine ambao angewataja kama wangekuwepo.

"Na sasa?" nikasema, na sikumngoja. Nikaanza kuweka mwenyewe, upande wa pili wa ungo. Mama mkwe. Bwana mkubwa, mkewe, watoto wao, huyu, huyu, huyu. Mke wa bwana mkubwa ndiye aliyeng'amua kwanza ninachofanya. Alimfunika mwanawe wa mgongoni kichwa kwa kanga. Bwana mkubwa akaniambia niache. Sikuacha. Nyumba ya shemeji wa pili, mume wangu ambaye alibeba unga kwenda nao mjini kila mwezi, mimi, binti yangu, wifi na wanawe wote. Tumbo langu nililiruka, nilikuwa na akili kiasi hicho.

"Walikuwa tisa," nikasema. "Sasa ni ishirini na sita. Mwizi wenu ni huyo."

Mimi kwa ujinga wangu nikadhani wananisikiliza. Nikaendelea kama sista darasani. Nikasema kihenge ni kilekile na shamba limechoka, lakini watoto hawafi tena kama zamani. Wamechanjwa ndui, wakishikwa na homa wanapelekwa zahanati ya Masista wanapewa kwinini, wanapona, wanarudi kwenye sinia. Nikasema mistari ya baba ilikuwa sahihi kwa siku zake. Nilijivuna, nakumbuka vizuri. Nilidhani nimewaletea habari njema, kwamba nyumbani mwao hamna mwizi, mna uhai tu.

Mama mkwe aliutazama ungo kwa muda mrefu, zile punje tisa upande wake na lile kundi jingine upande wake. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwonyesha jambo hilo, na sidhani kama alinichukia. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Umemaliza, mayu?" aliniuliza, akiniita mama kwa lugha yao.

"Nimemaliza, mama."

"Basi tuambie nani amezidi."

Masista hawakunifundisha sehemu hiyo. Macho ya watu yakaanza kutembea. Hayakwenda kwa watoto wa bwana mkubwa wala wa shemeji wa pili, hao walikuwa wa nyumba. Yalikwenda pembeni mwa mlango, alipokaa wifi na wanawe wanne, mdogo amelala mapajani. Yangu pia yalikwenda. Naweza kusema yalifuata ya wengine, lakini huo ni uongo, nadhani yalitangulia. Wifi aliinua uso akakutana nayo.

Habari ya mimi kwenda kupumzika Mtendeni ilikufa palepale. Hakuna aliyeniomba radhi, na mume wangu aliporudi mjini aliniambia tu kwamba nina kichwa kigumu. Viganja juu ya nafaka vikakoma, na majivu yakafagiliwa. Lakini asubuhi ya Jumatatu mama mkwe alipochota uwele, alihesabu. Alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akasimama pale alipoamua pa kusimama, na chungu kilichopikwa siku hiyo hakikumtosha mtu. Siku zote zilizofuata zilikuwa hivyo. Watoto wakila, watu wazima walitazama mikono yao. Wifi alianza kuwaondoa wanawe kwenye sinia kabla ya wengine, akisema wameshiba. Mwanawe mkubwa, msichana wa miaka minane, alijifunza kusema mwenyewe kwamba ameshiba, na aliyasema maneno hayo akiutazama ugali.

Kulikuwa na njia nyingine, naziona zote sasa. Tungeweza kumsikiliza yule Bwana Shamba wa kaptula tukapanda muhogo. Mama yangu angeweza kuchukua mtoto mmoja au wawili wa wifi Mtendeni mpaka mavuno, nami ningeweza kumwomba, tena asingekataa. Sikumwomba. Nilikuwa nimetoka shimoni juzi tu, na nilimshuku kila mtu kwamba anangoja niteleze nirudi. Ningefungua mdomo tena kuhusu nani aende wapi, wangesema huyu ndiye anayepanga watu wa nyumba yetu.

Katika wiki ya tatu ya Kwaresima wifi alifunga mzigo wake. Hakuna aliyemfukuza, na mpaka leo ukiwauliza waliobaki watakuapia hivyo. Mama mkwe alimpa vibaba vya uwele vya njiani, akavihesabu. Nilimsindikiza na mzigo wake mpaka kwenye njia kubwa, ile ya misafara, ambako malori yalikuwa yakipita kuelekea Nzega, upande wa Ziba. Watoto walitembea mbele, mdogo mgongoni kwa dada yake. Nilimwambia abaki. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeaga, na yeye hakuwa mjinga.

"Hesabu yako haikuwa na kosa, wifi," aliniambia. "Ningekuwa mimi ningehesabu vilevile."

Sikujua kama ananisamehe au ananichoma. Nimelipima neno hilo miaka yote hii na bado sijalijua. Lori likaja, akapandisha watoto mmoja mmoja, akapanda yeye, akafunika nywele zake vumbi lisiingie. Nilirudi nyumbani nikiwa na njaa, na usiku ule nilishiba kuliko wiki zote zilizopita, kwa sababu chungu kilikuwa kilekile.

Tulifika Pentekoste. Uwele mpya ukakomaa, tukavuna, nami nikajifungua salama mtoto wa kiume. Habari za Ziba zililetwa na katekista mmoja aliyekuwa akipita kwenda Tabora. Alikaribishwa, akapewa maji, akatusalimu wote kwa zamu, shikamoo na marahaba, kabla ya kusema. Wifi alikuwa ameingia nyumba ya shemeji yake, amerithiwa kama walivyotaka tangu mwanzo, hana jinsi. Na mwanawe mdogo, yule wa uji wa kopo, alishikwa na surua mara tu walipofika. Surua ya mwaka ule wengine walipona. Yeye alikuwa hana nyama ya kupigana nayo.

Tulimlilia kwa siku zinazotakiwa. Majirani walikuja, rozari ikasaliwa, na nilishuku kila aliyenishika mkono kwamba anaushika mkono ulioweka punje. Hakuna aliyelisema. Mke wa bwana mkubwa alinisaidia kubeba mtoto wangu, akanipa pole kama wengine.

Matanga yalipokwisha, asubuhi moja mapema mama mkwe aliniita ndani. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, kata iko mkononi, mtoto wangu mchanga amemlaza mapajani. Aliniambia nihesabu.

"Nihesabu nani, mama?"

"Wote. Huyu mgeni pia. Na wale wa Ziba."

Nilimwambia siwezi. Akanitazama, na alikuwa na subira kuliko mimi. Basi nikahesabu, bila punje, kwa mdomo tu, nikianza na yeye. Nilihesabu ua mzima, nikaingia nyumba yangu, nikamhesabu mtoto aliyekuwa mapajani pake. Nikafika Ziba, nikamtaja wifi, na watoto watatu waliobaki.

"Ishirini na sita," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. "Ni ileile ya siku ya punje," akasema. "Basi aliyezidi tumempata."

Hakulisema kwa hasira. Alinirudishia mtoto wangu, akainuka kwa kushikilia ukuta wa kihenge, akaniambia nikalete maji, kwa kuwa zamu ya kupika siku hiyo ilikuwa yangu.